Maboga Yajuayo Kwao

Kila jioni kabla ya kwenda nyumbani, Mshenga alipita kati ya mistari ya maboga akiwa na nyuzi mfukoni, akiyafunga midomo maua ambayo yangefunguka kesho yake. Alilifunga ua dume, alilifunga ua jike, ili nyuki wakiwahi kuamka wasimharibie kazi. Asubuhi alirudi, akalichuma dume, akalipaka jike chavua kwa mkono wake, kisha akalifunga tena na kulitundikia kibandiko cha kuonyesha nani kaoa wapi. Ndiyo maana wenzake kituoni walimwita Mshenga. Mwanzoni jina lile lilimuudhi, baadaye akakosa nguvu za kuudhika.

Kituo kilitaka boga la ganda gumu, linaloweza kukaa ghalani msimu mzima bila kuoza, tamu, lenye nyama ya manjano iliyokolea na kirutubisho kinachosaidia macho. Zamani ungengoja hadi boga liive ndipo ujue kama umepata au umepatikana. Siku hizi kipande kidogo cha jani la mche kilipelekwa maabara, vinasaba vikasomwa, na mche usio na alama zinazotakiwa ukang'olewa ukiwa bado mchanga. Hivyo Mshenga aliozesha asubuhi, akang'oa mchana, na jioni akafunga maua. Mgongo wake ulisahau kunyooka.

Utamu wote wa boga lile ulitoka kwa shangazi yake. Shangazi aliishi peke yake katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya baiskeli, ng'ambo ya barabara kubwa, na kwa maisha yake yote alikuwa akipanda maboga madogo yenye chunusi, mabaya ya sura, ambayo yalivunja visu na kulainika mdomoni kama siagi. Mshenga alikwenda kuyaomba mwenyewe, wakati Shangazi alipokuwa ameanza kupapasa kuta kila giza lilipoingia.

"Nipe mbegu zako, Shangazi," alimwambia. "Nitakutengenezea boga la kukutibu macho. Nitakurudishia."

Shangazi alimpa kopo zima, hakujibakizia hata mbegu ya kutafuna. "Usichelewe tu," akasema.

Mshenga alichelewa, kama wanavyochelewa watu wote wanaofanya kazi na mimea. Na boga lilipokamilika, kituo kililikabidhi kwa kampuni ya mbegu pamoja na haki zake zote. Hakuna aliyeruhusiwa kulipanda, kulila wala kumgawia jirani bila kibali. Mshenga alikwenda kwa Mkurugenzi kumwombea shangazi yake boga moja tu. Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti, akamsikiliza hadi mwisho, akasema kwamba akimpa shangazi wa mtu leo, kesho watakuja mashangazi wote.

Jioni hiyo maboga yaliyokuwa yamevunwa yaliondoka ghalani.

"Yamepita getini hapa," Mlinzi alieleza alipoulizwa. "Yalikuwa yanakwenda taratibu, kwa mstari. Nikajua yametumwa."

Yalibiringika pembeni mwa barabara kubwa, yakasubiri malori yapite, yakavuka penye mistari ya waenda kwa miguu, yakazunguka karakana na kugonga mlango wa Shangazi. Shangazi alifungua. Hakuyaona, maana giza lilikuwa limeshaingia, lakini alilipapasa la mbele akazigundua chunusi.

"Karibuni," akasema. "Ila msizibe njia."

Asubuhi Mshenga alifika na toroli, macho mazito, kwa sababu Mkurugenzi alikuwa amempigia simu kabla hajanawa uso.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umeyafuata?"

"Nimeyafuata."

"Kunywa chai kwanza. Yenyewe yametoka mbali, yaache yapumzike."

Mshenga aliketi kati ya maboga akanywa chai. Aliona haya kumtazama usoni. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kama Shangazi angekata moja pale pale, yeye asingeona kitu.

"Nikilikata, wa kuulizwa ni nani?" Shangazi akamjibu. "Si wewe? Yapakie, uwahi kazini."

Basi ikawa desturi. Jioni maboga yalikwenda, asubuhi Mshenga aliyarudisha, na wenye karakana walijifunza kuziacha baiskeli zao upande mmoja. Ghala lilipigwa kufuli, lakini maboga yaliusukuma mlango mpaka bawaba zikachoka. Yalifungwa kamba kama mbuzi, yakaburuta kamba. Hatimaye Mkurugenzi akaagiza tabia hiyo iondolewe kitaalamu, kwa kuwa kituo kilikuwa na vifaa vya kuondolea tabia.

Maabara ilikitafuta kinasaba cha kurudi nyumbani ikakipata bila shida. Tatizo ni kwamba kilikaa bega kwa bega na kile cha utamu, na kila mara kimoja kilipotolewa, cha pili kilitoka nacho. Mshenga alifunga maua, akaozesha, akang'oa miche, msimu baada ya msimu, akijaribu kuwatenganisha wawili hao. Alichopata ni boga kubwa, laini, la manjano hafifu, lililokaa palepale ulipoliweka. Liliitwa Tulivu. Waonjaji wa kituo walipangiwa vipande kwenye sahani nyeupe, wakala, wakasukutua, wakala tena. Mama mmoja mpishi, ambaye ndiye aliyeaminiwa ulimi wake, aliweka uma chini.

"Limetulia kweli," akasema. "Lakini halina la kusema."

Kampuni haikulitaka Tulivu hata kwa kulitazama. Mkurugenzi akawaruhusu wafanyakazi wajichukulie wanavyotaka, kisha akafikiri mwishoni mwa juma, na Jumatatu akaja na ufumbuzi. Maboga yanahitaji mahali pakavu penye hewa. Nyumba ya Shangazi ilikuwa kavu, ilikuwa na hewa, na maboga yalikuwa yanakwenda yenyewe bila gari. Mafundi wakaja, wakaandika kwa rangi juu ya mlango: GHALA LA PILI. Wakatundika kipimajoto ukutani penye picha ya marehemu mume wake, wakapigilia rafu chumba hadi chumba, wakakisogeza kitanda kwenye kona. Shangazi aliwapikia chai. Mkurugenzi alipongezwa na wakubwa wake kwa ubunifu.

Tangu hapo toroli halikuhitajika. Mshenga alipita jioni, baada ya kufunga maua, kuangalia kipimajoto na kuhesabu kama yote yapo. Yote yalikuwapo siku zote. Yalikuwa yamepangwa hadi darini, yakinukia, yale ya chini yakiwa yametoka kwenye rafu na kujikusanya kuzunguka kiti cha Shangazi.

Jioni moja alimchemshia Tulivu, alilolibeba kutoka kituoni kwenye mfuko wa nailoni. Alilimenya bila taabu, likaiva upesi mno. Akamwekea Shangazi bakuli mapajani na kijiko mkononi.

Shangazi alitafuna, akangoja, akatafuna tena.

"Ndilo lile uliloniahidi?"

Mshenga alikuwa amechoka kiasi cha kutoweza kudanganya. "Hapana, Shangazi. Ni ndugu yake."

"Ndugu yake kapooza." Akaunyoosha mkono kutafuta chumvi. Mkono ukatua juu ya boga la kwanza, ukakawia kwenye chunusi zake, ukahamia la pili, la tatu. Maboga yalisogea kidogo kumpa nafasi. Mshenga alimtia chumvi kiganjani, akavifumba mwenyewe vidole vya shangazi yake juu yake.

"Tunakula kizani kama wezi," Shangazi akasema. "Hebu washa taa, mwanangu."

Taa ilikuwa inawaka, ileile kubwa ya ghala iliyofungwa na mafundi. Mshenga aliinuka, akabonyeza swichi ikazima, akasimama kidogo gizani, akabonyeza tena ikawaka, Shangazi apate kuisikia.

"Ee, sasa hivyo ndivyo," Shangazi akasema, akaendelea kula.