Moyo wa Mwanaamina

Daktari wa Kibiti alisema Kiswahili fasaha, mimi ndiye niliyekielewa vibaya. Mke wangu Mwanaamina alikuwa na baridi yabisi, vidole vimempinda hata kusuka mkeka hawezi tena. Sisi wa Mohoro tulidhani ni maji ya mashamba ya mpunga yaliyomwingia mifupani. Daktari akatueleza kwamba ni kinga ya mwili inayougeukia mwili wenyewe na kuutia uvimbe, na uvimbe ule hauishii kwenye viungo. Kisha akanigeukia mimi.

"Mzee Mshamu, uangalie sana moyo wake. Wenye ugonjwa huu moyo huumia upesi."

Kwetu moyo wa mtu ukiumia, kuna aliyeuumiza. Mimi ni mkali, najijua, hata kuku wangu wananijua. Nikadhani daktari kanong'onezwa habari zangu. Tangu siku ile nikaacha kufoka. Nikawa napika mwenyewe asubuhi akiwa kakakamaa, nikamnunulia kanga, nikampigia simu dada yake Chiku aje kutoka Mbwara wapige soga. Majirani wakanicheka eti nimelishwa limbwata. Sikuwajali.

Baada ya mavuno akaanza kusema moyo unamuuma. Nilimwuliza nani kamkosea, akasema hakuna. Nikamwuliza kama ni vile hatukujaaliwa mtoto, akacheka, akasema hilo lilishapita. Mkono wa kushoto nao ukawa unamvuta, nikamkanda kwa mafuta ya nazi, tukailaumu baridi yabisi. Shambani, akipanda dungu letu la kulindia mpunga, alipumzika katikati ya ngazi. Nikajiambia mwenye majonzi hana nguvu.

Asubuhi moja nilimkuta kakaa barazani, kajishika kifua, jasho linamtoka.

"Mshamu, moyo waniuma."

"Nambie ni nani. Leo nambie."

"Sina huzuni miye. Moyo tu."

Nikaona ananificha. Hasira nilizozifungia mwaka mzima zikanipanda zote kwa pamoja. Nikamkumbuka dada yangu Sihaba, ambaye msibani kwa jirani alisema vidole vya wifi yake vimekuwa kama tangawizi. Nikamwambia mke wangu ajinyooshe kidogo, nikatoka. Gari la Kibiti lilikuwa limesimama barabarani linaita abiria. Nililipita, nikaenda mwisho wa kijiji kugombana na Sihaba mpaka akalia, nikamburuta aje kuomba radhi.

Tuliporudi Mwanaamina alikuwa kalala mkekani, midomo imebadilika rangi. Sihaba alipiga magoti na machozi yake.

"Wifi, niwie radhi kwa maneno yangu."

Mwanaamina hata hakujua ni maneno gani. Alimtazama Sihaba, akanitazama mimi, akasema kwa shida kwamba hajakosewa na mtu. Hapo ndipo nilipokimbia kutafuta gari. Gari la asubuhi lilikwishaondoka, na tulilolipata baadaye halijafika hata darajani alipokata roho, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu.

Kibiti, daktari yule yule akaniuliza alikuwa analalamika nini. Nikamwambia moyo. Akauliza tangu lini, nikamwambia tangu mavuno. Akauliza mbona sikumleta. Sihaba, aliyekuja nasi garini, akanijibia.

"Alidhani mimi ndiye niliyemuumiza."

Daktari akavua miwani, akatueleza polepole kwamba siku ile ya kwanza yeye alikuwa anausema moyo huu wa nyama, unaosukuma damu, na kwamba mkono ule niliokuwa naukanda huenda ulikuwa unatutahadharisha. Hakunikaripia. Heri angenikaripia.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mwanaamina hakuficha. Alisema kila siku, tena kwa Kiswahili.

Siku ya hitima Chiku alikaa karibu nami, akataka kunifariji. Akanieleza kwamba mke wangu alimwambia mwaka ule ndio alioishi kwa raha kuliko yote ya ndoa yetu. Nikamwomba arudie, akarudia. Kumbe hakuwa na huzuni hata chembe. Aliniambia, na mimi sikumsadiki.