Mlango wa Chumba cha Mitungi

Mlango wa chuma ulijibamiza nyuma yake, kitasa kikambakia mkononi. Fundi wa gesi wa hospitali alikitazama, akacheka: cha kuvunda hakina ubani. Kisha akasikia kitu kilichomkata kicheko. Sssss.

Kiungo cha bomba kuu, pale oksijeni ya mitungi yote inapokutana kabla ya kupanda wodini, kilikuwa kinavuja. Vali ilikuwa mbele ya pua yake, na kuifunga ni kufumba na kufumbua. Lakini huko juu watoto njiti walikuwa wakipumua kwa bomba hilohilo. Akiiacha wazi, chumba kitajaa, na penye oksijeni nyingi cheche moja hugeuza nguo kuwa kuni. Mbele moto, nyuma moto.

Simu hakuthubutu kuigusa. Aliinama kwenye matundu ya hewa chini ya mlango, akapiga kelele: "Jamani! Nimefungiwa, gesi inavuja!"

"Mama watoto, usihofu!" Mumewe huyo, mchomelea vyuma wa hospitali hiyohiyo. "Nina grenda hapa. Nakata mlango sasa hivi!"

Akapiga kelele tena. "Weka chini! Cheche ikiingia humu, utanizika kwenye kopo!"

Kitu kizito kikatua. "Sasa nifanye nini, mke wangu?"

"Kimbia wodini. Wauguzi wawahamishie watoto kwenye mitungi midogo. Wote. Kisha njoo uniambie, usimtume mtu."

Nyayo zikapotea. Akabaki sakafuni, mkono kwenye vali, akiogopa hata kuburuta kiatu. Kuta zilikuwa kana kwamba zinamsogelea. Mara vidole vilikaza vali vyenyewe, akavilegeza, akijilaani. Vikakaza tena.

"Wote!" Mumewe alirudi akihema kama mbwa. "Wote wameshahamishwa! Funga!"

Akafunga. Sauti ile ikafa.

"Sasa tusubiri oksijeni itoke kwenye matundu," alimwambia mumewe. "Halafu chukua bisibisi, ung'oe bawaba polepole."

Mlango ulipolazwa chini, mume alitandaza mikono. Yeye akarudi nyuma.

"Usinikaribie. Nguo zangu zimenyonya oksijeni, na wewe umetoka kuchomelea."

Basi wakasimama uani, kila mmoja upande wake, upepo ukiwapiga, wakitazamana. Mumewe ndiye aliyeanza kulia.