Ngozi Chini ya Taa

Fundi viatu aliifungua tena tochi ya mkewe, akaifunga, akabonyeza, na taa mpya ikakataa kuwaka. Mkewe alikuwa mkunga. Giza likiingia angeweza kuitwa wakati wowote, na balbu ya zamani fundi alikuwa ameivunja akiing'oa kwa koleo.

"Si uliniambia itamulika kama jua?" mkewe aliuliza kutoka mlangoni.

"Mama watoto, niache nifanye kazi."

Asubuhi iliwaka kweli, nyeupe na kali hata kuumiza macho. Kabla hajamaliza chai yake ikafifia, kisha ikazimika. Tangu hapo alikuwa amebadilisha betri, amekaza waya na kulilaani duka lililomuuzia. Sasa alipoichomoa taa yenyewe, harufu ya kuungua ilimpiga puani, akaelewa. Ili isicheze, alikuwa ameikalisha juu ya kipande cha ngozi na kuibandika kwa gundi, kazi safi kama soli. Kumbe taa yenye nguvu hutoa joto, nalo hutaka chuma cha kulipitisha nje. Yeye ameivika kiatu.

"Miaka yote nawakinga watu nyayo na lami ya moto," alinung'unika, "leo..."

"Leo umeichemsha taa yangu. Inabidi tuazime tochi kwa jirani."

"Yule niliyemwambia tochi yake ni kibatari?"

"Huyohuyo. Na utakwenda kuomba mwenyewe."

Fundi akaanza kutafuta makubazi yake, wala hakuwa na haraka ya kuyaona.