Selestini Alivyorudi Kumalizia Wimbo

Winfrida alikuwa anachochea moto chini ya pipa la kuchemshia chikichi, nyuma ya nyumba yake pale Mwandiga, mumewe Selestini alipotokea kati ya migomba, akasalimia kwa Kiha, akauliza kama ile spika ya msibani bado ipo. Walikuwa wamemzika wiki iliyotangulia. Alivaa suti aliyozikwa nayo, na shingo yake ililalia kushoto, upande alioangukia kutoka juu ya mchikichi. Winfrida akamjibu kwamba spika ipo ndani, ila chaji ni ndogo. Selestini akasema si neno, atasikiliza mpaka itakapoishia.

Habari ya hiyo spika ni hivi. Kwa watu wa kule, muziki wa msibani ukishawashwa hauzimwi mpaka jeneza litoke. Kuuzima kabla ya hapo ni kama kuwaambia waombolezaji waondoke, tena hata chai hawajanywa. Sasa Luqman, mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo pale stendi, alikuwa na flashi mbili za kufanana. Moja aliijaza kwaya kwa ajili ya msiba. Nyingine aliijaza jazi na bluzi kwa ajili ya bwana mmoja wa Katubuka aliyesema umri umekwenda na anataka kujifunza kusikiliza muziki wa maana. Bwana wa Katubuka akapata kwaya. Msiba ukapata tarumbeta.

Watu walitazamana, kisha wakatazama chini. Hakuna aliyeinua mkono kuzima. Mzee Nehemia, baba mkubwa wa marehemu, aliposikia minong'ono kwamba hii ni jazi, akadhani ni zile bendi za dansi alizochezea ujana wake, akakaa sawasawa kusubiri gitaa la kwanza liingie. Halikuingia. Wamama wakapika, wanaume wakacheza bao, tarumbeta likaendelea kulia usiku na mchana, na jeneza lilipotoka mtu akakimbia kuzima spika, wimbo ukiwa katikati.

"Hapo ndipo penyewe," Selestini alimwambia mkewe jioni ile. "Nimelala kule chini nawaza, ule wimbo uliishaje."

Winfrida akauwasha. Uliisha kama nyimbo nyingi zinavyoisha, lakini baada yake ulikuja mwingine, na flashi ilikuwa imejaa. Kesho yake jioni Selestini akarudi.

Majirani walimzoea upesi. Walimuuliza habari za huko, akawajibu nzuri kidogo. Bodaboda hawakumpakia, maana marehemu hana simu ya kulipia, kwa hiyo alitembea kutoka makaburini na kufika suruali imejaa vumbi. Chakula hakugusa. Alikaa kwenye kigoda, akaegemeza shingo yake mbovu ukutani, akasikiliza. Luqman alikuja kuomba radhi na kubadilishana flashi, Winfrida akakataa. Alisema bwana wa Katubuka aendelee na kwaya, haitamdhuru.

Ukweli ni kwamba muziki wenyewe Winfrida hakuupenda. Aliuona kama wanawake wa sokoni wote wanaita mteja mmoja. Lakini aliogopa ukizimwa mume hatakuja, na yeye alikuwa anamhitaji huyo mume kwa jambo zito. Matanga yalikuwa yanakaribia kumalizwa. Siku ya kumaliza matanga ukoo hukaa kikao, na kila mtu alishajua kikao hicho kitasema nini juu ya shamba la michikichi lililo nyuma ya nyumba. Shamba lile lilikuwa pori. Walilifyeka wawili, mwaka waliooana, miche akabeba Winfrida kichwani, Selestini akichimba mashimo. Watoto hawakujaliwa. Mwanamke asiye na mtoto kwa Waha wa upande ule hasimami mahali pazuri mume akishafukiwa, na Martini, mdogo wake marehemu, alikuwa ameanza kupita shambani asubuhi na kugonga mashina kwa kiganja, moja moja.

Kwa hiyo Winfrida alijifunza kusikiliza. Kama mtu anataka mumewe amsaidie, si vizuri amkalishe peke yake na starehe yake. Akavuta mkeka, akauliza aanzie wapi.

Selestini alimfundisha kwa upole ambao alipokuwa hai hakuwa nao sana. Alimwambia asijaribu kusikia vyote. Ashike chombo kimoja, akifuate kama unavyomfuata mtu mmoja kwenye mnada, akipotea usihangaike, simama, atajitokeza mbele. Winfrida akashika lile besi nene la chini, linalotembea kama mtu mwenye mzigo asiye na haraka. Akalipoteza, akalipata. Jioni nyingine akashika ngoma. Jioni nyingine akashangaa kujikuta anasubiri saksafoni irudi, na iliporudi alifurahi, akajionea aibu kidogo kwa kufurahi na msiba haujaisha.

Bluzi ndizo zilizomgusa. Kizungu hakukijua, lakini aliona kwamba mwimbaji anasema shida yake mstari mmoja, kisha anausema tena ule ule.

"Mbona anarudia?" akauliza.

"Mara ya kwanza huwa hawamsikii," Selestini akasema.

Winfrida akaliweka neno hilo moyoni. Akamwomba Selestini aje kikaoni aseme mwenyewe shamba ni la nani, na wasiposikia arudie. Selestini akasema atakuja, ilimradi spika iwepo.

Kikao kilikaa uani, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Winfrida aliweka spika dirishani akaiwasha kwa sauti ya chini. Hakuna aliyelalamika, walishaizoea tangu msibani. Walipofika kwenye habari ya shamba, Selestini alikuja kupitia migombani, akaamkia wakubwa zake, akapewa kiti. Mzee Nehemia akamuuliza kama ana neno.

"Shamba ni la Winfrida," Selestini akasema.

Martini akakuna goti.

"Shamba ni la Winfrida."

"Tumekusikia tangu ya kwanza, mwanangu," Mzee Nehemia akasema, na hakusema kwa ubaya. "Lakini ngoja nikueleze. Sisi hapa tunagawa mali ya marehemu. Kama wewe una sauti, basi hujafa, na kama hujafa hakuna cha kugawa, tutakaa tena ukifa. Na kama umekufa, na mimi mwenyewe nilitupa udongo, basi huna sauti. Chagua moja."

Selestini alifikiri. Alikuwa mtu mkweli maisha yake yote, na kaburi halikuwa limembadilisha.

"Nimekufa," akasema.

Watu wakaitikia pole. Mzee Nehemia akamshukuru kwa kuja, akatamka kwamba shamba na nyumba vinarudi kwenye ukoo chini ya uangalizi wa Martini, na kwamba mkwe wao wanampenda, wala hawamfukuzi, ila atafute pa kukaa kabla ya mvua. Winfrida alimtazama mumewe. Alikuwa anasubiri mstari wa tatu, kwa sababu katika zile nyimbo baada ya kurudia huja mstari wa tatu, tofauti na ile miwili. Selestini alikuwa ameshageuza uso dirishani. Tarumbeta lilikuwa limeanza.

Winfrida alikodi chumba mtaa wa Gungu. Siku ya kuhama Martini alimsaidia kufunga godoro kwenye baiskeli, akambebea na sufuria hadi barabarani, kwa heshima zote. Halafu akakohoa.

"Shemeji, samahani. Na ile spika, pamoja na flashi, alinunua marehemu."

Ilikuwa kweli, spika aliinunua Selestini kwa ajili ya kusikilizia mpira, na flashi iliyopelekwa kwa Luqman ilitoka kwenye mfuko wa koti lake, hii ya jazi ikarudi badala yake. Winfrida akafungua kanga aliyoifungia spika, akaitoa pamoja na flashi.

Gungu alikaa mlangoni jioni baada ya jioni, kando yake kigoda cha kumngojea mumewe kimefutwa vumbi. Alijiambia kutoka makaburini hadi Gungu ni mbali kwa mtu anayekwenda kwa miguu. Alijiambia labda hajui chumba. Akatuma salamu kwa wanaopita. Hatimaye akapanda gari ya Mwandiga, akafika jua likizama, akapita njia ya migombani.

Selestini alikuwa kwenye kigoda ukutani, pale pale pake. Martini alikuwa kwenye mkeka, amekunja uso kama mtu anayefanya hesabu ngumu. Wote wawili wakamkaribisha vizuri.

"Nimekungoja Gungu," Winfrida akamwambia mumewe.

"Muziki uko huku," Selestini akasema.

"Nilidhani unakuja kwangu."

Selestini alimtazama kwa huruma, shingo yake upande. Akasema yeye hakuwahi kudanganya, toka jioni ya kwanza aliuliza spika. Winfrida akamwambia hilo limemuuma kuliko shamba. Selestini akasema anaelewa, kisha akamwomba wanyamaze kidogo, kinanda kinaingia.

Winfrida akasimama uani. Nyuma ya nyumba michikichi ilikuwa imebeba, mikungu imeiva hadi inadondosha, na hakuna aliyekata. Pipa lilikuwa pale, baridi, na kuvu pembeni. Muziki ukaendelea, na akausikia wote kwa mara ya kwanza, besi, ngoma, kinanda, kila kimoja mahali pake, bila kujitahidi. Ulikuwa mzuri sana. Akalia kidogo akajifuta kwa ncha ya kanga.

Martini akamgeukia. Alionekana amechoka. "Shemeji," akasema, "kaka anasema wewe ulishaelewa. Mimi nasikia vurugu tu. Mtu anaanzia wapi?"

Winfrida angeweza kuondoka, gari za mwisho zilikuwa bado zinaita abiria barabarani.

"Shika besi," akasema. "Lile la chini. Vingine viache vipite."

Martini akafumba macho, akajaribu. Baada ya muda kichwa chake kikaanza kutikisika, sawa na cha kaka yake. Akafurahi kama mtoto. Akamshukuru, akasema kuna jambo jingine, mikungu inaozea juu na mke wake moto wa pipa haujui, kila akichemsha mafuta yanatoka machungu. Kama shemeji angekuja kesho akasaidia, kibarua kipo, na jioni angebaki akasikiliza.

Selestini hakufumbua macho. Winfrida akauliza kuni zipo wapi. Martini akasema zitaletwa asubuhi, na Winfrida akasema basi atawahi gari ya kwanza.