Alama Kwenye Mkanda wa Kushoto

Farasi alikuwa anapinda kushoto. Si wakati wote. Ukimtembeza alinyooka, ukimzungusha duara alizunguka kwa adabu zote. Lakini mwonyeshe kiunzi cha kuruka, hata kile kifupi cha kumfika mbuzi magotini, hatua za mwisho zote alizimalizia pembeni, kama mtu aliyemwona mkwewe njiani.

Fundi, ndivyo alivyoitwa na kila mtu, alikuwa fundi cherehani na si mtu wa farasi. Mnyama huyo, aliyebandikwa jina la Bwana Harusi kwa madaha yake, alikuwa wa kaka yake. Kaka mtu alikuwa bingwa wa kuruka viunzi mpaka siku alipoanguka akavunjika nyonga. Mfupa uliunga vibaya, mguu wa kushoto ukabaki mfupi, na daktari hakumung'unya maneno: akianguka tena, hatasimama maisha. Wifi mtu alitaka farasi auzwe siku hiyohiyo. Fundi ndiye aliyeingilia kati. Aliona jinsi macho ya kaka yake yalivyozima, akasema atajifunza kupanda yeye. Wifi akakubali kwa sharti moja: kwenye mashindano ya klabu, Bwana Harusi aruke viunzi vyote na Fundi mgongoni. Akikataa hata kimoja, anakwenda kwa mnunuzi.

Mashindano yalikuwa Jumamosi, na farasi bado anapinda.

Kilichomtia Fundi shaka si kupinda kwenyewe. Ni kwamba kila jioni, kazi ikiisha, alikwenda uwanjani, Mwalimu wa klabu akamfundisha kukaa wima, kutazama mbele ya kiunzi badala ya kukikodolea macho, kumbana farasi kwa mguu wa kushoto ili asikimbilie huko. Na kila jioni somo liliisha farasi amenyooka. Kesho yake akirudi, amepinda upya. Ilikuwa kama kushona pindo zuri, ukalala, ukaamka ukakuta limefumuliwa. Pindo halijifumui lenyewe. Hapo palikuwa na mkono wa mtu.

Basi akaanza kumchunguza Mwalimu. Zamani mtu huyu alimsalimia kwa kuinua kidevu tu. Sasa alimuuliza habari za kazi, za wateja, mpaka za cherehani. Fundi akajiambia anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Alipomuuliza kama kuna mtu mwingine anampanda farasi, Mwalimu aliinama ghafla kukagua kwato ambayo haikuwa na kasoro yoyote, akajibu akiwa hukohuko chini kwamba nani ampande. Halafu Fundi akakumbuka kwamba yule mnunuzi aliletwa na nani? Na Mwalimu huyuhuyu. Aliona wazi anavyochezewa shere: farasi anaharibiwa makusudi ili ashindwe, auzwe, na rafiki wa Mwalimu amchukue.

Alhamisi aliwahi kufika, akaingia peke yake chumba cha matandiko. Kila upande wa tandiko huning'inia mkanda wa ngozi unaoshika rikabu, yaani chuma cha kutia mguu, na mkanda huo hurefushwa au kufupishwa kwa kuhamisha bizimu, kile chuma cha kufungia, kutoka tundu hadi tundu. Ngozi haifichi siri. Bizimu likikaa mahali pamoja mara nyingi huacha mkunjo. Mkanda wa kulia ulikuwa na mkunjo mmoja, wake mwenyewe. Wa kushoto ulikuwa na miwili, na ule wa pili ulikuwa mbichi, juu ya wa kwanza. Akavua utepe wake wa kupimia shingoni akapima kati ya mikunjo. Siku hiyo alipanda vibaya, na Mwalimu hakumkaripia, jambo lililozidi kumtia wasiwasi.

Ijumaa asubuhi hakufungua kazi mapema. Usiku alikuwa amekunjua suruali ya kaka yake, kwa sababu yeye ndiye aliyempunguzia suruali zote mguu wa kushoto tangu ile ajali. Alipoweka utepe kwenye pindo, alipima mara mbili. Kipimo kilikuwa kilekile cha kwenye ngozi. Aliketi akikitazama, na hasira yote aliyomwekea Mwalimu ikamgeukia kuwa hofu.

Alifika uwanjani jua likichomoza. Mwalimu alikuwa amesimama kando ya ua, mikono nyuma. Katikati, kaka yake alikuwa juu ya Bwana Harusi, fimbo yake ya kutembelea imeegemezwa langoni, uso wake mweupe kwa furaha. Farasi akaruka kiunzi. Kaka akageuka, akamwona, akapunguza mwendo.

Fundi alitaka kumkumbusha daktari, wifi, kila kitu. Lakini kaka ndiye aliyeanza kusema.

"Usinitazame hivyo, mdogo wangu. Huyu akiwa na mimi ananyooka kabisa. Nilikuwa nakusaidia."

"Kaka, tazama chini."

Mchanga ulikuwa umetoka kusawazishwa kwa reki. Nyayo za farasi zilianza zikielekea katikati ya kiunzi, na zilipokaribia zikajikunja kushoto, mzunguko baada ya mzunguko, zote njia ileile. Kaka yake alizitazama kwa muda mrefu. Akiwa juu, kila kitu kilikuwa kimenyooka. Mwili uliopinda hauhisi kupinda kwake.

"Ulijua?" kaka akamuuliza Mwalimu.

Mwalimu, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, alijibu kwamba alijua, na kwamba kila asubuhi alijiapiza atasema, akamwona alivyofurahi, akameza maneno.

Kaka yake alishuka kwa shida, Fundi akimshika kiuno. Hakulia. Akauvuta mkanda wa kushoto, akarudisha bizimu kwenye tundu la mdogo wake, akaukandamiza ule mkunjo mbichi kwa kidole gumba kana kwamba ungefutika.

"Panda," akasema.

Fundi akapanda. Kaka akachukua fimbo yake, akachechemea mpaka kwenye kiunzi, akasimama ubavuni mwake upande wa kushoto, palepale farasi alipozoea kukimbilia. Mwalimu akamwomba atoke hapo. Hakutoka.

"Akipinda atanikuta mimi," akasema. "Na wewe hutakubali. Njoo."

Fundi akabana mguu wa kushoto kwa nguvu zote alizokuwa nazo, akatazama mbele ya kiunzi, akaja. Bwana Harusi alisita, akamwona bwana wake amesimama, akanyooka. Walipotua ng'ambo ya pili, Fundi alisikia sauti ya kaka yake nyuma ikimwambia arudie.