Herufi Tatu za Mwisho

Msalaba wa tatu nao uliharibika. Jina CÉCILIA lilianza vizuri, kisha herufi tatu za mwisho zikashuka kwa upana wa punje ya hindi. Émérance alizima mashine ya kuchonga mbao, ile waliyoiunda wenyewe hapa Kasongo, akaung'oa msalaba kwenye vibanio.

"Ni muchoro wako," alisema Pitchou, mwenzake wa karakana. "Kosa iko mu ordinatere."

Alikuwa ameyasema hayo siku tatu, na siku tatu Émérance alichora upya kwenye kompyuta. Kwenye benchi mlangoni alikaa Sarah-Grâce, aliyetoka Wamaza kwa pikipiki, mara ya pili sasa, kuchukua msalaba wa kaburi la mama yake. Hakulalamika. Hilo lilimchoma Émérance kuliko matusi.

Safari hii hakugusa mchoro. Alifunga penseli mahali pa kisu, akaiamuru mashine iende na kurudi mara ishirini juu ya mstari mmoja, kwa kasi. Ilipomaliza, kibao kilikuwa na mistari sita.

"Angalia. Hapa hakuna herufi hata moja. Ni mota inakosa nguvu, inaruka hatua."

Akaweka kiganja juu ya mota. Ilikuwa baridi. Tangu walipoitoa kwenye mashine kuukuu ya fotokopi, mota ile ilikuwa ikipata moto mpaka mkono utoke wenyewe. Akafungua kisanduku cha umeme. Kwenye kadi inayoiendesha mota kulikuwa na skrubu ndogo ya kuongeza na kupunguza umeme. Ilikuwa imegeuzwa robo mzunguko.

"Nani aligusa hapa?"

Pitchou alitazama chini kama mbele ya dada mkubwa. "Ilikuwa inapata moto sana, yaya. Niliogopa itaungua. Nilipunguza kidogo tu."

"Lini?"

"Juma lililopita."

"Kuogopa moto sikukatazi," Émérance alisema. "Lakini ulijua umegusa. Ukaona mbao zinaharibika, ukanyamaza, ukanisema mimi mbele ya mutu. Nenda umuambie mwenyewe."

Pitchou akatoka. Émérance akairudisha skrubu mahali pake, kisha akafunga feni ndogo kando ya mota, kwa sababu kuhusu moto Pitchou alikuwa amesema kweli, na hilo nalo lilimkera. Penseli ikapita mara ishirini, ikaacha mstari mmoja.

Kutoka mlangoni alisikia Pitchou akieleza kwa sauti ya chini, akirudiarudia maneno. Sarah-Grâce alimwacha amalize.

"Mama yangu iko na mwezi muzima bila jina," alisema.

Pitchou akarudi ndani, akaleta mbao za msalaba mwingine.

Msalaba wa nne ulitoka jina limenyooka. Émérance aliupiga msasa, akaufunga kwa kitenge, akasaidia kuukaza juu ya pikipiki. Pitchou alishika ncha ya pili ya kamba. Walifunga fundo pamoja bila kutazamana, na pikipiki ilipoondoka Émérance alitangulia kurudi ndani, akakifunga kisanduku cha umeme, akautia ufunguo mfukoni mwake.