Fundi Vigae na Bwana Harusi

Shemeji yangu, dada wa mke wangu, amesoma prufu kwenye kiwanda chetu cha uchapaji miaka ishirini na mbili, na muda wote huo hajawahi kuniacha nimalize sentensi bila kuisahihisha. Mwezi uliopita kifundo cha mkono wake wa kulia kikavimba kama balbu. Daktari akakibonyeza, akamuuliza kazi yake, akasema, "Kipanya marufuku. Ukikishika tena usirudi kwangu."

Mama Meneja si mtu mbaya. Lakini kitabu cha ufugaji nyuki kilikuwa kinangoja, kurasa mia mbili na kumi. "Ijumaa saa nne," akamwambia, "utanisomea ukurasa mmoja mbele yangu, bila kipanya, kwa dakika kumi. Ukiweza, kiti ni chako. Ukishindwa, Jumatatu unaenda stoo ya kufungasha."

Stoo ya kufungasha! Mtu anayeona nukta iliyokaa vibaya kutokea mlangoni, akapake gundi maboksi! Shemeji alichukua kikombe chake cha chai, akakiosha, akakirudisha kabatini polepole kama mtu anayeaga. Hapo mimi, fundi kompyuta wa kiwanda, mwenye diploma ukutani na fremu yake, nikasema moyoni: hapana, hili halipiti.

Kazi yake inataka madirisha matatu kwenye skrini: mswada wa mwandishi, ukurasa uliopangwa, na kamusi. Kwenye kompyuta zetu yalikuwa yanalaliana kama nguo ambazo hazijakunjwa, na kuvuta moja lazima kipanya. Nikaingia mtandaoni kutafuta programu huria, zile ambazo watu wanatengeneza kwa kujitolea na kuziacha wazi, ukitaka kuona utumbo wake unauona. Nikapata moja ya kupanga madirisha kwa kibodi tu. Bahati mbaya, mpangaji wetu wa kurasa naye akapata yake.

Huyu tunamwita Profesa. Uprofesa hana, ana neno "kimsingi".

"Kimsingi," akasema Jumatatu, "zote mbili zimeandikwa kwa lugha ya fanksheni."

"Ndiyo ugonjwa gani huo?" Shemeji akauliza.

Nikamuwahi Profesa kabla hajatupeleka chuo. "Shemeji, ni kama mashine ya kukamua matunda. Ukitia chungwa, unapata maji ya chungwa. Ukitia chungwa kesho, yaleyale. Haikumbuki ya jana, haina kinyongo, haitoi maoni."

"Kumbe kuna kitu duniani kisichotoa maoni, na mmenificha miaka yote hii!"

Tukabandika boksi lililokatwa mlangoni, upande huu yangu, upande ule yake, tukaanza kulinganisha. Yangu Shemeji akaiita Fundi Vigae. Ukifungua dirisha la kwanza, linajaza skrini. La pili likija, yanagawana nusu kwa nusu. La tatu linapewa kona yake. Kulaliana hakuna. Sura pia hakuna, nakubali. Na mipangilio yake unaiandika mwenyewe kwenye faili, kwa lugha ileile, halafu inaipekua kama askari wa getini kabla ya kuiruhusu.

Ya Profesa ikaitwa Bwana Harusi. Kona za mviringo, vivuli, utepe wa picha chini, madirisha yanaingia taratibu kama yanasindikizwa. Mipangilio unachagua tu kwenye orodha, na lolote utakalo, yenyewe inasema ndiyo.

Ili tusipigane, tulikubaliana vitufe viwe sawa kwa zote mbili: moja ni mswada, mbili ni ukurasa, tatu ni kamusi. Asubuhi Shemeji anafanya mazoezi na Fundi Vigae, mchana na Bwana Harusi. Kufika Alhamisi vidole vilikuwa vinakimbia vyenyewe, naye anaimba. Kwenye boksi la mlangoni alama zilikuwa sawa kwa sawa. Mama Meneja akaamua: nusu ya ukurasa kwa hii, nusu kwa ile, dakika tano tano, na itakayoshinda inawekwa kwenye kompyuta zote.

Hapo ndipo tungeacha. Kitu kinafanya kazi, unakiacha. Lakini mweke fundi karibu na kitu kinachofanya kazi uone.

Ijumaa nilifika saa moja asubuhi nikiwa na wazo tamu: kamusi niihamishie kwenye herufi J, kidole chenye nguvu kilipo, na hiyo tatu ifunge dirisha. Nikaandika, nikaamuru faili lisomwe upya. Likatokea dirisha jekundu lenye mistari kama kumi na miwili. Nilikuwa na chai mkononi, nikalifunga. Tangu lini kompyuta ikampongeza mtu kwa mistari kumi na miwili? Sikujiuliza. Nikaandika vitufe vipya kwenye karatasi, nikaiweka mezani kwa Shemeji. Kwenye kona yake Profesa naye alikuwa anabofya, ameficha skrini kwa bega.

Saa nne Mama Meneja akaingia, akachomoa kipanya, akakitia kwenye mkoba wake na kufunga zipu. "Anza."

Bwana Harusi akatangulia. Shemeji akabonyeza tatu aone kamusi. Ukurasa ukaondoka, kwa adabu zote.

"Nini hiki?"

"Kimsingi... nimeboresha," Profesa akanong'ona, uso umemshuka.

Akabonyeza tena, mswada nao ukaaga. Dakika tano zikaisha amesoma mistari minne.

Zamu ya Fundi Vigae. Nikaiona karatasi yangu pale mezani, imejaa wino mwekundu. "Shemeji, karatasi yangu umeisoma?"

"Nimeisahihisha. Makosa saba. Muda wa kuisoma sikupata."

Atabonyeza vitufe vya jana! Nikataka kusema, Mama Meneja akanyoosha kidole: kimya. Shemeji akabonyeza tatu. Nikafumba macho.

Kamusi ikaja.

Nikafumbua jicho moja. Akabonyeza mbili, ukurasa huo. Moja, mswada. Tatu, mbili, moja, vidole vinaruka kama watoto wanaoruka kamba, nami sielewi chochote. Ghafla akasimama. "Mstari wa kumi na nne. Mswada unasema nyuki ana miguu sita. Sisi tumempa minane."

Mama Meneja akajikuta anahesabu miguu ya nyuki kwa vidole vyake. "Wafugaji wangetung'oa masikio!"

Dakika nne na nusu, amemaliza. Mama Meneja akafungua zipu, akatoa kipanya, akanikabidhi mimi. "Hiki ndicho kinaenda stoo."

Tulipiga kelele mpaka wenzetu wa chini wakazima mitambo, wakidhani kuna moto. Shemeji akatoa kikombe chake kabatini, na safari hii hakukiosha hata kidogo.

"Lakini imefanyaje kazi?" nikauliza. Nikaamuru faili lisomwe tena. Dirisha jekundu likarudi. Shemeji akainama, akasoma kwa sekunde tatu.

"Mstari wa arobaini na moja. Ilitaka orodha, wewe umeipa kitu kimoja. Mtu ameomba trei ya mayai, umempelekea yai mkononi."

Kumbe iligoma! Uboreshaji wangu wote iliukataa, ikabaki na mipangilio ya jana, ile ambayo vidole vyake viliizoea.

"Kimsingi," Profesa akasema, "imemwokoa Shemeji na wewe."

"Na yako ilisema ndiyo," nikamjibu.

Shemeji alikuwa tayari amevuta kibodi. "Ngoja niirekebishe, ni kitu kidogo tu."

"ACHA!" tukapiga kelele wote watatu. Akirekebisha, uboreshaji wangu unaingia kazini!

Najua, ningeweza kuufuta wote kwa dakika moja. Lakini Mama Meneja amepiga marufuku mkono wangu kugusa faili lile, na mkono wa Profesa pia. Kwa hiyo kitabu cha nyuki kimetoka na miguu yake sita, na kila asubuhi Shemeji, kabla ya kuanza kazi, analifungua faili, anatazama mstari wa arobaini na moja, anameza mate.

"Shemeji, hili kosa linanitazama."

"Nalo litazame tu, Shemeji."

Analifunga, anabonyeza tatu, kamusi inakuja.